Vikombe vya chai vilivyolegea: kisa cha udongo wa nano na fuwele za PLA kwenye karakana moja Arusha

Usuli

Karakana yenyewe iko pembezoni mwa jiji la Arusha. Jina lake naliacha, la mteja pia, na vitu vidogo vidogo vinavyoweza kumtambulisha mtu nimevitoa. Mimi niliingia kwasababu nafundisha mambo ya polima, yaani plastiki na minyororo yake, na injinia wao kijana aliwahi kukaa darasani kwangu, kwahiyo walipokwama akanipigia simu.

Kwa miaka wamekuwa wakipiga vikombe, beseni na vifuniko vya plastiki ya kawaida, zaidi polipropilini. Wana mashine moja ya injeksheni, inayosukuma plastiki iliyoyeyuka ndani ya moldi (kalibu), ekstruda ya skrubu moja ya kurudisha mabaki kuwa punje, fundi mkuu ambaye akisikia tu mlio wa mashine anajua kuna nini, na huyo injinia. Akaja mteja anayepeleka vifaa kwenye kambi za watalii, anataka vikombe vya chai vya plastiki inayooza. Alisema wageni wake wanauliza sana kuhusu taka, na ingawa marufuku ya tarehe 1 Juni 2019 ilihusu mifuko ya kubebea na sio vikombe, yeye hakutaka kusubiri mpaka aambiwe.

Wakachagua PLA, plastiki ya asidi ya laktiki. Inaanzia kwenye wanga wa mahindi au sukari ya miwa, inachachushwa na bakteria inakuwa asidi, alafu asidi inaunganishwa kuwa minyororo mirefu. Chaguo halikuwa baya hata kidogo, mana PLA inayeyuka kati ya nyuzi 150 na 180 kutegemea daraja lake, kwahiyo mashine waliyonayo inaiweza bila kununua kitu kipya.

Kilichotokea mwanzo

Vikombe vya kwanza kwa macho vilitoka vizuri sana, vinang'aa, ukikishika unaona kidole chako upande wa pili kama glasi. Fundi akamimina chai ya rangi iliyotoka jikoni muda huohuo. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na maji yanachemka kwenye karibu nyuzi 95, kwahiyo chai ile haikuwa hata 100, lakini haikupita muda mdomo wa kikombe ukaanza kujikunja kwa ndani, kitako kikavimba kwa chini, kikombe kikayumba kikalala ubavu na chai yote ikaishia mezani. Kabla hata hawajajua wafanye nini, boksi za sampo zilizokuwa zimetangulia kwa mteja zikarudi na malalamiko, zilikaa kwenye gari lililofungwa juani na vikombe vilifika vimebonyea na kushikana.

Sababu yake haina siri. PLA ina joto la kulegea, kati ya nyuzi 55 na 60. Chini ya hapo ni ngumu kama kioo, juu ya hapo inalainika, isipokuwa kama ndani yake kuna fuwele za kutosha, yaani sehemu ambazo minyororo imejipanga kwa mstari na kubanana, hizo ndo zinashikilia umbo mpaka karibu na joto la kuyeyuka. Na kikombe kinachong'aa kama glasi kinakuambia chenyewe kwamba fuwele hakina. Moldi yao ilikuwa inapozwa na maji ya bomba, kwahiyo plastiki ilitoka karibu nyuzi 200 ikagandishwa ndani ya sekunde, minyororo haikupata nafasi ya kujipanga.

Meneja alitaka jibu kabla ya msimu wa watalii wa Juni. Injinia akasoma sana, akakuta kila mahali wanasema chembe za nano, yaani ndogo mno za kupimwa kwa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita), zinaharakisha fuwele kwenye plastiki zinazooza, akaagiza udongo wa nano, montmorilonaiti iliyopakwa dawa ya amoniamu ili ipatane na plastiki, wakaweka 5%. Ile asilimia haikutoka hewani, machapisho mengi yanajaribu kati ya 1% na 5%, na wao wakachukua ya juu kwa imani kwamba zaidi ni bora zaidi.

Chembe zinafanya nini hasa

Hapa naomba tukae kidogo mana kisa chote kinasimama hapa.

Fuwele ili iwepo inahitaji kuanza na inahitaji kukua, na hivi ni vitu viwili tofauti. Kuanza ni kazi, minyororo michache inatakiwa ikutane, ijipange, na ile kokwa ndogo ikishatengenezwa isivunjike tena. Joto likiwa juu sana karibu na kuyeyuka kokwa zinavunjika, likiwa chini sana karibu na nyuzi 60 minyororo imeganda haisogei. Katikati ndo kuna mwendo mzuri, kwa PLA ni maeneo ya nyuzi 100 mpaka 110, na hata hapo PLA tupu inataka dakika kadhaa wakati mashine ya vikombe inataka sekunde.

Chembe ya nano inaleta uso uliokwisha kuwepo tayari. Minyororo inajilaza juu yake na kuanza kunakuwa rahisi, kwahiyo zinaanza fuwele nyingi kwa pamoja na zinakuwa ndogondogo. Tabaka moja la montmorilonaiti lina unene wa kama nanomita 1 na upana wa mamia ya nanomita, ukifanikiwa kuyafungua matabaka gramu moja inakupa uso wa mamia ya mita za mraba. Ila hilo neno ukifanikiwa lina uzito. Udongo usipofunguka unabaki madonge, na madonge ni kama mbegu zote za mahindi kutupwa shimo moja, umetumia mbegu nyingi na shamba bado ni tupu.

Alafu chembe zikizidi zinafanya kinyume. Minyororo iliyo karibu na chembe inashikwa, haitembei vizuri, fuwele inaanza lakini kukua kunachelewa. Ndo mana kwenye plastiki nyingi za aina hii ukichora mstari wa kasi ya fuwele dhidi ya kiasi cha chembe unapanda mwanzoni, alafu unatulia au unashuka. Na hakuna chembe itakayokusaidia kama minyororo yenyewe haipangiki, mana PLA ina vipande vya asidi vya mkono wa L na vya mkono wa D, maumbo mawili yanayofanana kama mkono wa kushoto na wa kulia, D ikichanganyika ndani inavuruga mpangilio, na ikifika kama 10% plastiki haijengi fuwele kabisa hata uipashe vipi.

Sampo za 5% na jinsi zilivyosomwa

Vikombe vya 5% vilitoka rangi ya maziwa yenye unjano. Chai ikimiminwa vilichukua muda kidogo zaidi lakini vilijikunja vilevile, na ukikunja mdomo kwa vidole unakatika pa! wakati vile vya mwanzo vilikuwa vinapinda kwanza. Wakapeleka sampo kwenye maabara yenye mashine ya DSC, ile inayopasha kipande kidogo polepole na kupima joto linaloingia na kutoka.

Injinia akanitumia picha ya grafu na ujumbe, "Shikamoo mwalimu, fuwele zimefika zaidi ya 40%, lakini mbona kikombe bado kinalegea?" Swali zuri sana lile. Wengi wangepeleka ile 40% kwa meneja wakapongezwa, yeye aliona namba na kikombe havisemi kitu kimoja akakataa kunyamaza.

Jibu lilikuwa kwenye grafu. Kabla ya bonde la kuyeyuka kulikuwa na kilele kikubwa cha kuelekea upande wa pili, hicho ni plastiki ikijenga fuwele ndani ya mashine ya DSC wakati inapashwa. Fuwele hizo hazikuwepo kwenye kikombe, zimezaliwa maabara. Ukipima bonde la kuyeyuka peke yake unamhesabia kikombe mali isiyo yake.

Nichukue namba za mfano tu ili hesabu ionekane. Tuseme kuyeyuka kumechukua jouli 40 kwa gramu, na kile kilele cha kabla yake kimetoa jouli 25. PLA yenye fuwele tupu inachukuliwa kuwa jouli 93 kwa gramu. Ukifanya 40 gawanya kwa 93 unapata 43%. Lakini inatakiwa utoe kwanza, 40 toa 25 ni 15, alafu ukumbuke kwamba 5% ya sampo ni udongo na udongo hauyeyuki hapo, kwahiyo plastiki ni 0.95 na unagawa kwa 93 mara 0.95, yaani 88.35. Jibu ni 17%. Grafu ileile, sampo ileile, kutoka 43 mpaka 17.

Sampo ya kulinganishia

Bado kulikuwa na kitu kinachovutia kwenye grafu za 5%. Kile kilele cha kujenga fuwele kilikuwa kimehamia kwenye joto la chini kuliko PLA iliyotoka mfukoni, maana yake plastiki sasa inaanza fuwele kirahisi zaidi. Kila mtu pale karakana akasema udongo umefanya kazi. Mimi nikaomba kitu kimoja tu: chukueni PLA tupu, bila chembe hata moja ya udongo, ipitisheni kwenye ekstruda ileile, joto lilelile, siku ya hali ya hewa ileile, alafu ipigeni kikombe na ipimwe.

Fundi hakufurahia, kupoteza plastiki ya bei hivyo bila kuuza kitu, lakini akafanya. Na PLA tupu iliyopita njia ile nayo kilele chake kilikuwa kimehama, sio kama ile ya udongo lakini sehemu kubwa ya safari ilikuwa imeshatembewa bila udongo wowote. Kipimo cha mtiririko kwenye nyuzi 190 kikamaliza ubishi, plastiki iliyopita ekstruda ilitiririka kwa kasi kubwa kuliko ya mfukoni, na ile yenye udongo 5% ndo ikakimbia kuzidi zote.

Yaani minyororo ilikuwa imekatika. Ilikuwa masika, mfuko umefunguliwa umeachwa wazi, punje zinamwagwa kwenye hopa moja kwa moja. PLA inatakiwa iingie kwenye mashine na unyevu chini ya sehemu 250 kwa milioni, juu ya hapo maji yanaikata minyororo kwenye moto, na minyororo mifupi inasogea kirahisi ikajenga fuwele haraka huku kikombe kikizidi kuwa dhaifu. Udongo nao ulikuja na maji yake kati ya matabaka, na ile dawa ya amoniamu iliyopakwa huanza kuvunjika joto likikaribia nyuzi 200, hapo unjano na mdomo unaokatika vikapata maelezo.

Maamuzi

Tulikubaliana kubadilisha kitu kimoja kwa wakati, na kwa sehemu kubwa ilifuatwa.

Kwanza kukausha. Punje mpya za mfukoni zina fuwele tayari, zinavumilia oveni ya nyuzi 80 kwa saa kadhaa. Lakini walipoweka na punje zao za mabaki, ambazo zilikuwa angavu hazina fuwele, walifungua oveni wakakuta bonge moja kubwa kama tofali, mana zilipita joto la kulegea zikagandana. Kuanzia hapo mabaki yakawa yanakaushwa chini ya nyuzi 50 kwa muda mrefu zaidi. Udongo nao ukakaushwa peke yake na kufungiwa kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Kukausha peke yake kulirudisha uimara wa mdomo wa kikombe.

Pili, udongo ukashushwa kutoka 5% mpaka 1%. Ekstruda ya skrubu moja inasukuma vizuri ila kuchanganya haichanganyi sana, kwahiyo injinia akatengeneza kwanza mchanganyiko mzito alafu akauzimua na PLA iliyokauka. Kuangalia madonge hawakusubiri maabara, walibana kipande kati ya bati mbili za moto kikawa karatasi nyembamba, wakawasha tochi ya simu nyuma yake gizani, na vidoto vikaonekana kabisa. Kwenye 5% vilikuwa vimetapakaa kila mahali, kwenye 1% ilibidi uvitafute.

Tatu ni moldi, na hapa ndo ubishi ulikuwa mkali kwelikweli. Chembe haijengi fuwele ndani ya moldi ya baridi, plastiki inaganda kabla kazi haijaanza, kwahiyo moldi ilitakiwa ikae maeneo ya nyuzi 105. Fundi akasema, "Mwalimu, moldi ya moto kikombe hakitoki, kitanasa." Alikuwa sahihi kabisa kuhusu hatari, mana kwenye nyuzi 105 plastiki isiyo na fuwele ni laini, pini za kutoa kikombe zikisukuma zinatoboa. Kinachofanya kikombe kitoke ni fuwele zenyewe, zikishajengeka kikombe kinakuwa kigumu hata kikiwa cha moto. Tulianza na muda mrefu wa kusubiri moldi ikiwa imefungwa, alafu fundi akawa anaupunguza kidogo kidogo mpaka pini zikaanza kuacha alama, akarudi nyuma hatua moja.

Maji nayo yalitukatalia. Tangi lao la maji liko wazi na Arusha maji yanaishia 95, kwahiyo ilibidi wahamie kwenye mafuta yanayopashwa na hita ya umeme na kubadilisha mipira yote iwe inayovumilia joto. Hiyo ndo ilikuwa gharama kubwa kuliko udongo.

Matokeo

Vikombe vilitoka vyeupe, havionyeshi tena upande wa pili, na chai ikamiminwa ikakaa mpaka ikapoa bila mdomo kujikunja. Fundi alirudia na maji yaliyokuwa yanatokota bado, akakibonyeza ubavu kwa vidole huku maji yakiwa ndani, kikagoma. Grafu mpya ya DSC haikuwa tena na kile kilele cha kabla ya kuyeyuka isipokuwa kivimbe kidogo, maana yake fuwele zilijengwa karakana.

Kasi ya uzalishaji ilishuka zaidi ya nusu, na bei ya kikombe ikapanda. Mteja alipunguza oda akachukua kwa kambi chache.

Baadaye walijaribu talki, poda ya madini laini, badala ya udongo, 1% vilevile, moldi ileile. Talki ni ya bei ndogo, inajulikana siku nyingi kuwa inaanzisha fuwele za PLA vizuri, haihitaji kufunguliwa matabaka na haina ile dawa inayoungua. Vikombe vikapita kipimo cha chai, muda wa moldi ukawa mfupi kidogo kuliko wa udongo, na talki ndo imebaki kwenye uzalishaji.

Uchambuzi

Kilichookoa kazi hii ni ile PLA tupu iliyopitishwa njia ileile. Bila hiyo karakana ingeendelea kununua udongo kwa ajili ya kazi ambayo sehemu kubwa ilikuwa inafanywa na unyevu, tena kwa kuharibu plastiki. Kulinganisha sampo yenye chembe na punje za mfukoni hakutoshi, mana kati yao kuna moto, skrubu na maji, na vyote vitatu vinagusa fuwele. Nasisitiza hili kwa mwanafunzi yeyote anayeandika tasnifu ya chembe na polima, weka sampo hiyo kwenye mpango kabla hujawasha mashine, sio baada ya mtu kukuuliza.

Kuanza na asilimia 5 kulipoteza muda na hela. Na mashine zilizopo zilitakiwa ziulizwe kwanza, skrubu moja haiwezi kufungua matabaka ya udongo kwa kiasi kile, wakati talki ingekubali mashine hiyohiyo toka siku ya kwanza.

Kuna sehemu moja haikwenda sawa kwenye utaratibu nayo inabana hitimisho. Wakati moldi inabadilishwa, mfuko wa PLA uliisha na uliofuata ulikuwa daraja lenye D kidogo kuliko wa kwanza. Kwa kikombe ilikuwa heri. Kwa uchambuzi ni hasara, mana moldi ya moto na D kidogo viliingia pamoja na haiwezekani kusema kila kimoja kilichangia kiasi gani. Nilimshauri injinia ahifadhi punje za mfuko wa zamani zilizobaki, zilizokauka na kufungwa, ili zipigwe kwenye moldi ya nyuzi 105 zikiwa na talki na bila talki.

La mwisho ni kuoza, na mteja alistahili kuambiwa wazi kabla ya kuandika chochote kwenye boksi. Maji yanaanza kula sehemu za PLA zisizo na fuwele, sehemu zenye fuwele zinakawia, kwahiyo kikombe kilichotengenezwa kivumilie chai ya moto kwa kawaida kitaoza taratibu zaidi kuliko kile kilicholegea. Kiwango cha Ulaya cha EN 13432 kinadai 90% ya plastiki iwe imegeuka kuwa hewa ya ukaa ndani ya miezi 6, na hiyo ni kwenye mboji ya kiwandani ambayo vipimo vyake hufanywa kwenye nyuzi 58 hivi, karibu na lile joto la kulegea. Udongo wa Arusha hauko hata karibu na hapo, kikombe kikitupwa kichakani kitakaa miaka. Karakana ilimwambia mteja hivyo kwa maandishi, maneno ya "kinaoza chenyewe" yakaondolewa kwenye boksi, na makubaliano sasa ni vikombe kukusanywa kambini na kurudishwa na gari lilelile linaloleta vipya, visagwe, vikaushwe chini ya nyuzi 50 kama vile bado ni mabaki ya kawaida, mpaka injinia atakapothibitisha kwa sampo kwamba fuwele zilizomo zinaruhusu oveni ya nyuzi 80.